Habari za Tharcisse, Aliyeuacha Mpira Upite

Sogeeni, enyi mnaong'arisha sakafu za wakubwa ambao hawayajui majina yenu! Sogeeni, enyi mnaowageuza wazee wa watu vitandani na kuwaimbia nyimbo wasizozielewa! Wekeni ndoo chini, vueni glavu, waambieni wasimamizi wenu kwamba mmeitwa. Kwa maana leo inasimuliwa habari ya vita vikuu vilivyopiganwa Jumamosi mbili za mwezi wa Juni, mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na nane, katika uwanja wa nyasi ulio kando ya kijito, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka Riverdale Park, jimbo la Maryland, ambapo majeshi mawili ya watu waliookoka yalikabiliana mchana kweupe, na shujaa mmoja, mwana wa Uvira, akatenda tendo ambalo hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kulitenda, wala kuliwaza, wala kujua kwamba lipo.

Nawe Mola uliye juu, uliyempa mwanadamu magoti ya kupigia na masikio ya kusikilizia, uisimamie simulizi hii, isitiwe chumvi kupita kiasi kinachoruhusiwa.

Chanzo cha vita kilikuwa ibada ya saa nne. Kanisa lile la matofali mekundu lilikuwa mali ya wazee wachache wa Kimarekani, nao kwa wema wao walikuwa wameyapokea humo makutaniko mawili. La kwanza liliitwa la Waswahili, ingawa ndani yake mlikuwa na Wakenya wa bara, Watanzania, Wakongo na Warundi, kila mmoja na Kiswahili chake na kila mmoja akiamini kwamba chake ndicho. La pili lilikuwa la watu wa visiwa vya Karibi. Waswahili walisali Jumapili saa nne asubuhi, Wakaribi saa nane mchana. Hata mwezi wa Mei, Mchungaji Wayne wa Wakaribi, mzaliwa wa Barbados, mwenye mabega kama mlango wa ghala na tabasamu la mtoto aliyeficha peremende, akatangaza kwa upole mwingi kwamba watu wake wamechoka kumsifu Mungu huku tumbo limeshiba na macho yanafumba. Nao walitaka saa nne.

Wazee wenye jengo wakasema, "Mkapatane."

Wakakutana kupatana. Mchungaji Wayne akashauri wapige kura kwa vikaratasi ndani ya kofia. Ndipo aliposimama Ochieng, mpakuaji wa mizigo katika uwanja wa ndege, Ochieng Mtikisa-Mawingu, ambaye masanduku ya wasafiri yaliruka mikononi mwake kama vifaranga, akapaza sauti: "Vikaratasi? Sisi ni watu au ni bahati nasibu? Tucheze kriketi!"

Tabasamu la Wayne likaenea taratibu, kama samli katika kikaango. "Kriketi," akasema. "Vizuri. Lakini isiwe ile ya kuisha siku moja. Iwe test. Kila upande upige mara mbili, kama wanavyocheza mataifa."

Wakaandika mapatano. Wakishinda Wakaribi, saa nne ni yao. Wakishinda Waswahili, au asiposhinda mtu, saa nne ibaki ilipo. Kwa maana jueni, ninyi ambao hamjawahi kuitazama test: muda unaweza kwisha kabla kazi haijakwisha, na hapo majeshi yote mawili hurudi nyumbani bila mshindi, wakapeana mikono, wakasema mchezo ulikuwa mzuri. Wenye kuupenda husema huo ndio utamu wake. Wengine hadi leo wanaomba waelezwe tena.

Sasa mtazameni shujaa wetu. Tharcisse hakuwa mrefu wala hakuwa mfupi. Kazi yake ilikuwa sakafu. Usiku sita katika wiki alikuwa mjini, katika jengo la ofisi la ghorofa tisa, akisukuma mashine ya kusugua na kupaka nta, ili wenye suti wakifika asubuhi wajitazame nyuso zao chini ya viatu vyao. Kriketi hakuwahi kuiona mpaka mwezi wa Mei mwaka ule. Aliingizwa katika kikosi kwa sababu kikosi kinataka watu kumi na mmoja, na wengine walikuwa kumi. Katika upigaji wa kwanza alitolewa kwa mpira wa kwanza, mpira ambao hadi leo hajauona. Tangu siku ile, wiki nzima, vijana, wazee, hata waimbaji wa sauti ya tatu ambao hawatanii kitu, walimwita Bwana Sifuri.

Lakini si jina hilo lililomkata maini. Mke wake, Généreuse, alimtunza bibi mmoja mzee kule Temple Hills, tangu asubuhi mpaka jioni, na Jumapili zamu yake ilianza saa saba mchana. Tharcisse alirudi alfajiri mwenzake akifunga kamba za viatu. Généreuse alirudi jioni mwenzake akitafuta kofia. Walikutana mlangoni kama walinzi wanaobadilishana lindo, wakapeana funguo, wakaulizana kama mtoto amekula. Mahali pamoja tu katika wiki nzima waliketi wote wawili wakiwa macho: benchi la tano, upande wa dirisha, Jumapili, saa nne hadi saa sita. Ibada ikihamia saa nane mchana, Généreuse atakuwa Temple Hills, na benchi la tano litabaki na mtu mmoja. Tharcisse hakumwambia yeyote. Alimwambia Mungu tu, kila usiku, mashine ikinguruma.

Basi ikawa Jumamosi ya pili, saa kumi na dakika arobaini na tano, wakati wa chai. Waswahili walikuwa wakipiga kwa mara ya mwisho. Walihitaji mikimbio, yaani alama, hamsini na nane ili washinde. Wanane walikwisha kutolewa. Ochieng na Kamande walikuwa bado uwanjani, na nyuma yao alibaki Tharcisse peke yake, na nyuma ya Tharcisse kulikuwa na ua wa waya na gari za watu. Mtu wa kumi akitolewa, vita vimekwisha na saa nne imekwenda. Mchezo ungefungwa saa kumi na mbili jioni, kwa kuwa ndivyo kibali cha bustani kilivyosema.

Hapo ndipo baraza lilipoketi kwenye nyasi, na hoja mbili zikapigana kabla ya watu kupigana.

Ochieng alipanda juu ya kreti la soda. "Ndugu zangu! Hamsini na nane ni nini? Ni mipira kumi tu, ikipelekwa vizuri hadi ng'ambo ya kijito, sita kila mmoja! Miaka miwili iliyopita, kule India, Kenya iliwapiga West Indies, dunia ikashika mdomo. Je, waliwapiga kwa kujificha nyuma ya gongo la kupigia mpira? Nipeni ruhusa nifungue mabega. Mrushaji akiogopa, anarusha vibaya. Akirusha vibaya, namtandika. Nikimtandika, anaogopa zaidi. Hiyo ndiyo hesabu yangu. Maze, sikuvuka bahari nije kubembeleza mpira!"

"Umemaliza?" akauliza Kamande.

"Bado, lakini sema."

Kamande hakupanda kreti. Kamande Ukuta-Usiosogea alikuwa dereva wa basi la shule, na kwa miaka saba hakuwa amekwaruza hata kioo cha pembeni. Aliongea jinsi alivyoendesha. "Ile ya India ilikuwa mechi ya siku moja. Mtu anahesabiwa ova zake hamsini, na ova ni mipira sita, asipoitumia imepotea. Hapo sawa, kimbizana nayo. Hii ni test, buda. Na hata huko India, Kenya walipata mikimbio mia moja na sitini na sita peke yake. Ushindi uliletwa na warushaji waliorusha palepale, palepale, kama mama anayechambua mchele. Sasa tazama. Mapatano yanasema asiposhinda mtu, saa nne ni yetu. Mwenye haja ya kushinda ni Wayne. Basi Wayne ahangaike. Sisi tukae."

"Tukae!" Ochieng akawageukia wasikilizaji, mikono hewani. "Mmesikia? Watu wazima na ndevu zao, wakae!"

"Tukae kama makochi."

"Ukikaa wanakuzunguka! Umeona walivyosimama mbele ya pua yako? Ni kwa sababu wanajua huwafanyi kitu. Utandike mmoja upite juu ya vichwa vyao, uone watakavyorudi nyuma wakitafuta nafasi. Kushambulia ndiyo ngao yenyewe, Kamande."

"Na ukikosea mara moja?"

"Nikikosea, nimekosea kama mwanaume."

"Nasi tutasali saa nane mchana, kama wanaume."

Watu wakacheka hata kreti likatikisika. Mama Leokadia, Mtanzania, mpishi wa shule, aliyekuwa akipanga maandazi juu ya kanga, akainua kichwa. "Jamani, mbona mnanichanganya? Siku mbili nzima mnacheza, na mnaniambia unaweza kwisha bila mshindi? Kwetu hata karata ina mshindi."

"Ndiyo hiyo test, mama."

"Basi nani aliyewatesa hivyo mkakubali?"

Ochieng akamgeukia shujaa wetu. "Na wewe Papa Elsa, msimamo wako ni upi? Tupige au tukae?" Maana waliokumbuka heshima walimwita kwa jina la binti yake.

Tharcisse akajikohoza. "Mie? Bon. Mie naomba tu zamu yangu isifike."

"Bwana Sifuri amehutubia taifa!" akapiga kelele Ochieng, na shujaa akatazama chini, akazihesabu nyasi.

Ndipo Kamande alipogeuka, polepole, kama mtu anayekata kona na basi refu, akasema kwa sauti iliyojaa unyenyekevu: "Mama Leokadia, tuombee chai."

Waswahili wakatazamana. Kwa desturi ya kanisa lile, aliyepika ndiye anayeombea chakula, wenyeji na wageni husimama pamoja, na hakuna aliyezaliwa na mwanamke anayeweza kumharakisha. Na huyu alikuwa Leokadia wa Sala Ndefu, ambaye ugali ulioletwa mbele yake ukifuka moshi uliliwa siku zote ukiwa baridi. Wakaribi, wasiojua lolote, wakavua kofia zao.

Akaanza na unga. Akashukuru kwa ajili ya unga, na kwa ajili ya waliosaga, na waliobeba, na kwa ajili ya mafuta, ambayo bei yake Bwana anaijua. Akawataja waliokuwa wakingoja karatasi za uhamiaji, kila mmoja kwa majina yake matatu. Akawaombea wazee wenye jengo, na bomba lao la chooni linalovuja. Akawaombea wagonjwa wa upande huu na wagonjwa wa upande ule. Akaliombea goti la kulia la Mchungaji Wayne, ambalo alikuwa amelisikia likilia tangu asubuhi. Na hapo mwili mkubwa wa mchungaji, ambaye dada mmoja aitwaye Nkatha alimnong'oneza tafsiri, ukatetemeka kwa kuguswa.

Tharcisse alifungua jicho moja. Akamwona Kamande ameinamisha kichwa kwa uchaji mkuu, akiitazama saa yake ya mkononi.

Moyo wake ukashituka, kwa kuwa alikuwa mtu wa sala kweli. Je, huu si wizi? Ndani ya sala ile akaomba sala nyingine ndogo, akaomba msamaha kwa niaba ya kikosi kizima. Kisha, kwa kuwa Mungu alikuwa tayari anasikiliza, akaongeza kwamba, kama haidhuru, mama aendelee kidogo.

Mama akaendelea. Na aliposema "Amina," dakika kumi na nne zilikuwa zimekwenda. Hata hapo Wakaribi wangeweza kuokoka. Lakini Mchungaji Wayne naye alikuwa na desturi yake. Kwao, sala nzuri haiachwi ianguke chini bila kuitikiwa. Kiongozi huiokota na kuipandisha. Machozi yakimlengalenga, akainua mkono wake mpana, akasema kwa Kiingereza cha mawimbi, "Bwana, dada yetu ameomba vema, nasi tunaongeza machache." Akaongeza visiwa. Akavipitia kimoja kimoja, vikubwa na vidogo, na vimbunga vyao. Shemasi wake mmoja akakohoa. Mwingine akafungua macho, akalitazama jua kwa uchungu kama mtu anayeona basi lake linaondoka. Wayne hakusikia. Alikuwa amefika Grenada, na mbele yake kulikuwa na bahari nyingi bado.

Aliposema amina yake na kuitazama saa, midomo yake ilicheza bila sauti.

"Chai hainywewi mbiombio, Mchungaji," akasema Mama Leokadia, akimtia sambusa mkononi. "Inaunguza."

Nkatha akapuliza filimbi. Huyu Nkatha, muuguzi, mzaliwa wa Meru, ndiye aliyekuwa refa kwa upande wa Waswahili, na Waswahili walimwogopa kuliko adui. Alikuwa amekiazima kitabu cha sheria za kriketi maktaba, akakisoma mara mbili kwenye treni, na Jumamosi ya kwanza alimtoa uwanjani shemeji yake mwenyewe bila kupepesa. "Saa kumi na moja na nusu," akatangaza. "Tunafunga saa kumi na mbili kamili. Ova iliyoanza kabla ya hapo itamalizwa. Mambo ya sala si idara yangu."

Vita vikaanza upya.

Oneni sasa ghadhabu ya Ochieng! Mpira wa kwanza aliupeleka kijitoni, mabata bukini wakahama. Wa pili ukapita juu ya maegesho. Wa tatu ukatua ndani ya sufuria ya chai, ukatolewa kwa upawa, ukafutwa, ukarudishwa vitani ukinukia tangawizi. Kwa kitambo kidogo alikusanya mikimbio ishirini, na wale Wakaribi waliokuwa wamesimama puani wakarudi nyuma, mmoja baada ya mwingine, kama alivyotabiri. Kina mama wakapiga vigelegele. Hata Kamande upande wa pili alionekana akivuta shavu moja, jambo ambalo kwake ni kicheko. Na katika kifua cha Tharcisse, aliyekuwa amefungwa makinga-miguu mapana hata hawezi kukunja goti, likachipuka tumaini kwamba labda hataitwa.

Ndipo Wayne alipouomba mpira yeye mwenyewe. Zamani, kisiwani kwao, alikuwa mrushaji wa kasi. Goti lilikuwa limemnyang'anya kasi, likamwachia hila. Akachechemea hatua nne, akaurusha polepole, juu, mzuri, mtamu, mpira wa kumpa mtu hamu. Ochieng akayafungua mabega yote mawili. Mpira ukapanda. Ukapanda, ukawa kunguru, ukawa nzi, watu wakauombea kwa lugha sita, kisha ukashuka taratibu, ukaingia mikononi mwa shemasi ambaye hakuhitaji hata kusogeza mguu; na mpira wako ukidakwa kabla ya kugusa chini, umetoka.

Zilibaki dakika kumi na tano. Watu wakageuka wakamtazama Tharcisse.

Safari yake kutoka kwenye ua wa waya hadi katikati ya uwanja ilikuwa mita sabini, na wazee waliokuwapo wanasema iliizidi safari yake ya kutoka Uvira. Njiani akapishana na Ochieng. "Funga macho upige, buda," Ochieng akamwambia, si kwa dhihaka. "Mimi nimewaumiza, malizia." Alipofika, Kamande akamshika bega. "Sikiliza. Vijiti vitatu nyuma yako vikigongwa, tumekwisha. Mpira ukija kwenye vijiti, weka gongo mbele, utulie. Usipokuja kwenye vijiti, uache. Kuacha nako ni kucheza."

Kisha Kamande akaonyesha kwa nini aliitwa Ukuta. Tok. Tok. Tok. Kila mpira ulikufa miguuni pake kama umesomewa mazishi. Tharcisse naye alipata michache, akaiwekea gongo mbele, ikamgonga hapa na pale, lakini vijiti vikabaki vimesimama. Dakika zikapita. Waswahili wakaanza kuhesabu kwa sauti.

Lakini uangalifu nao una upofu wake. Ova iliyotangulia ile ya mwisho ilikuwa ya Kamande. Mchezo huu uko hivi: ova ikiisha, ile inayofuata hurushwa kutoka upande wa pili, na anayekabiliwa ni yule aliyekuwa akipumzika. Kamande angeusukuma mpira wake wa sita kidogo tu, wakakimbia mkimbio mmoja, wangebadilishana nafasi, na ova ya mwisho ingemkuta yeye. Ochieng aliliona hilo kutoka mbali, akapiga kelele hadi koo likamkauka: "Kimbia mmoja! Kamande! Mmoja tu!" Kamande, aliyeapa kutokimbia, hakukimbia. Tok. Akageuka akamwona Tharcisse amesimama peke yake mbele ya ova nzima, saa ikiwa kumi na mbili kasoro dakika mbili, na uso wake ukawa wa mtu aliyefunga mlango vizuri sana, funguo zikiwa ndani.

"Mungu wangu," akasema Ukuta.

Mipira sita, enyi mnaosikiliza! Wayne akawasogeza watu wake wote. Wakamzunguka Tharcisse, mikono wazi, kama ndugu wanaomzunguka mgonjwa asije akasema la mwisho wasisikie. Wa kwanza ukampiga kwenye kinga-mguu. Wakaribi wakaruka wakimlilia Nkatha amtoe, kwamba mguu umeukinga mpira usifike vijitini. Nkatha akatikisa kichwa mara moja, wakanyamaza. Wa pili ulilitafuta gongo wenyewe ukalipata. Uliofuata hakuuona, nao haukumwona. Mwingine ukamwingia tumboni, akashukuru kwa Kifaransa. Wa tano akaufumbia macho akiomba, akasikia tok, akafumbua, akaona mpira umelala karibu na kidole chake gumba.

Ukabaki mmoja.

Wayne akasimama, akipangusa jasho. "Ndugu Tharcisse," akaita kwa upole wote wa kichungaji, "tazama nyuma ya hawa. Hakuna mtu mpaka kijitoni. Ukiugusa tu, umepata mkimbio wako wa kwanza hapa duniani."

Na ilikuwa kweli. Nchi tupu, ya kijani, ilimwita. Akaona Jumapili ijayo, watu wakimpisha mlangoni, hakuna anayetamka Sifuri. Na hapo, kutoka kwenye ua wa waya, ikaja sauti aliyoijua kuliko zote. Généreuse alikuwa ameomba ruhusa ya muda wa saa mbili kule Temple Hills, amefika angali na sare yake ya kazi ya buluu, amepanda juu ya lile kreti la soda.

"Papa Elsa! Piga! Upige, wasahau lile jina!"

"Piga!" akapokea Ochieng. "Piga!" wakapokea kina mama, vijana, waimbaji wa sauti ya tatu. Upande wa pili wa vijiti Kamande aliegemea gongo lake. Alikuwa amemaliza maneno.

Wayne akachechemea hatua nne. Mpira ukatoka mkononi mwake ukiwa juu, wa pole, wa mviringo, umeiva. Ukaning'inia. Na Tharcisse, wakati unaning'inia, aliiona sakafu. Kwa kuwa katika kazi ya nta, kusugua si kugumu, kupaka si kugumu. Kugumu ni kusimama mlangoni baada ya kupaka, sakafu nzima iking'aa mbele yako, ukiona kidoa kimoja kule katikati, na usiingie. Vijana wapya huingia kila mara. Wanakwenda kukifuta kidoa, wanaacha nyayo kumi na mbili.

Usiingie, akajiambia. Wacha ikauke.

Akaliinua gongo lake. Akaliinua juu, juu ya bega, mbali kabisa na ule mpira mtamu, kama mtu anayeinua chungu ili paka apite chini. Mpira ukatua. Ukauma nyasi, ukageuka kwa hila yote iliyobaki katika lile goti, ukaja ndani, ukavisogelea vijiti, na ukapita kando ya kile cha pembeni kwa nafasi ambamo ungeweza kuingiza bahasha, ikiwa haina barua ndani.

Nkatha akaitazama saa. Akavigusa vile vipande vidogo vya mti vilivyolala juu ya vijiti, vyote viwili, havijasogea. Akaviondoa kwa mkono wake.

"Muda," akasema.

Watu wakabaki palepale. "Nani ameshinda?" akauliza Mama Leokadia.

"Hakuna, mama."

"Na saa nne?"

"Ni yetu."

"Basi mnangoja nini, jamani?" Akaachia kigelegele kilichowarudisha wale mabata bukini waje waone kuna nini, na Waswahili wakaingia uwanjani kama mafuriko, wakambeba Tharcisse, wakamwangusha kwa sababu ya yale makinga-miguu, wakambeba tena. Mchungaji Wayne akapasua katikati yao, akamkumbatia mpaka mifupa ikaalika. "Huo ulikuwa mpira wangu bora kwa miaka ishirini," akasema. "Hakuna mtu ambaye asingeupiga." Kisha akamwangalia Leokadia kwa mbali, akatikisa kichwa. "Sala ya mama yule nimeisamehe. Yangu mwenyewe, bado."

Ochieng na Kamande walikuwa tayari wameanza. "Kama nisingewarudisha nyuma kwa zile ishirini..." "Kama ungebaki uwanjani kama ulivyoambiwa..." "Na ule mkimbio mmoja, Kamande? Mmoja!" Waliendelea hivyo hadi kwenye gari, na waliowasikia wiki iliyopita wanasema hawajafika mwisho. Nkatha akafungua daftari la mchezo, akaandika kwa mwandiko wake wa hospitali: Tharcisse, sifuri, hakutolewa.

Iwekwe basi katika kumbukumbu za Riverdale Park na vitongoji vyake vyote, isomwe kwa watoto wasiotaka kuketi, kwamba siku ile mtu mmoja aliombwa na umati mzima, na adui, na mke wa ujana wake, atende jambo, naye hakulitenda. Na kwa kutolitenda kwake mambo yote yakabaki kama yalivyokuwa, ambao ndio ushindi mkubwa kuliko wote uliopata kutokea katika kata ile.

Kesho yake, saa nne asubuhi, benchi la tano, upande wa dirisha, waliketi watu wawili.

"Nilikwambia upige," akanong'ona Généreuse, bado amekasirika kidogo.

"Nilikusikia."

"Sasa?"

"Sasa uko hapa."

Akafikiri. Mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko alichokizuia kwa kitabu cha nyimbo. Kisha, kabla wimbo wa pili haujafika kiitikio, uchovu wa siku sita ukamshinda, akalaza kichwa begani mwa mumewe, akalala. Mahubiri yakawa marefu. Mkono wa Tharcisse ukafa ganzi kuanzia kidoleni mpaka shingoni, wala hakuusogeza. Nzi mmoja akaingia dirishani, akazunguka, akatua juu ya pua ya shujaa, akatembea huku na huku akimchokoza mbele ya kutaniko lote.

Tharcisse akamwacha apite.